Twauza kwa Lumbesa, Twanunua kwa Kijiko

Mbele ya ofisi yetu ya kilimo kuna benchi refu la mbao ambapo wakulima huketi wakimngoja Bwana Kilimo. Meza yangu ya ukarani iko kando ya dirisha, basi maneno ya benchi hilo nayasikia yote, hata yale nisiyopaswa kuyasikia. Mgeni angedhani kwamba wakulima wa skimu huzungumza habari za mnyauko wa viazi na ng'ombe waliokataa kushika mimba. Huzungumza hayo pia, lakini jambo linalowachoma zaidi ni bei ya vitu vidogo vya kila siku: mafuta ya kupikia, sukari, sabuni, dawa ya kupe, kilo moja ya chakula cha ng'ombe. Kila mmoja ana duka lake la kulaumu.

Mimi nami nilikuwa nikisikia na kuendelea na kazi yangu, mpaka asubuhi moja alipoingia mama mmoja wa skimu yetu akiwa na daftari la mtoto wake la hesabu. Mama huyo ana ekari tatu, ng'ombe mmoja wa kukamuliwa, na kila mwaka hupanda ekari moja ya viazi. Aliliweka daftari mbele yangu akasema, "Mwalimu," (wengi huniita hivyo bado, kwa kuwa nilisomea ualimu na kufundisha kabla ya kuingia ukarani) "nimeandika kila shilingi iliyotoka nyumbani mwangu mwezi mzima. Sikununua nguo, wala hapakuwa na mgonjwa. Niambie fedha zangu zimekwenda wapi, maana mvua inakaribia na sina mbolea."

Tulikaa na daftari lile hadi saa saba mchana. Nitawaeleza tuliyoyaona, kwa maana naamini nyumba nyingi za skimu zina daftari kama hilo hata kama halijaandikwa.

Tulianza na mafuta ya kupikia. Kila siku alimtuma mtoto dukani na shilingi 20 akapimiwe mafuta. Siku 30 ni shilingi 600. Nilimwomba aniletee kipimo kimoja kama kilivyotoka dukani, nasi tukakipima kwa kikombe chenye alama: kilikuwa mililita 55. Basi kwa mwezi mzima alipata lita moja na mililita 650. Katika duka lile lile chupa ya lita moja iliyofungwa iliuzwa shilingi 300, maana yake mafuta yale yangemgharimu shilingi 495. Hapo palipotea shilingi 105.

Sukari alinunua robo kilo kwa shilingi 45, mara 16 katika mwezi. Hizo ni kilo nne kwa shilingi 720. Pakiti ya kilo moja ilikuwa shilingi 160, hivyo kilo nne zingekuwa shilingi 640. Shilingi 80 nyingine.

Mpaka hapo mama alikuwa akitikisa kichwa tu, kwa sababu hakuna mtu anayekosa mbolea kwa ajili ya shilingi 80. Ndipo tulipofika kwenye chakula cha ng'ombe. Yeye humpa ng'ombe wake kilo mbili kila siku wakati wa kukamua, na alikuwa akinunua kilo mbili kila asubuhi kwa bei ya shilingi 48 kwa kilo. Kilo 60 kwa mwezi, shilingi 2,880. Nikamuuliza gunia zima la kilo 70 linauzwaje pale pale. Akasema shilingi 2,800. Nilimtazama, naye akanitazama. Kwa fedha zile zile alizotoa angepata gunia zima, akabakiwa na shilingi 80 mkononi, na chakula cha siku tano zaidi ndani ya gunia. Kwa kilo, bei ya gunia ni shilingi 40. Kwa hiyo katika kilo zake 60 alilipa shilingi 480 zaidi ya thamani yake.

Jambo la mwisho halikuwa la duka hata kidogo. Fedha zake za maziwa huingia katika simu, naye hupenda zikae humo kwa kuwa anajua, kama tunavyojua sote, kwamba fedha zikiwa mfukoni huliwa. Basi alikuwa akienda kwa wakala kila anapopata haja na kutoa shilingi 200. Alifanya hivyo mara kumi. Katika orodha ya ada za M-Pesa ya mwaka 2023, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kulikatwa shilingi 29. Mara kumi ni shilingi 290. Kama angetoa shilingi 2,000 kwa mara moja angekatwa 29 tu. Tofauti ni shilingi 261, na kwa kila mia aliyoitoa alikuwa akilipa karibu shilingi 15. Nakumbuka mzee mmoja wa benchini aliyekuwa akisikiliza kupitia dirishani alisema kwamba hata wakopeshaji wa zamani hawakuthubutu hivyo. Lakini wakala hana hatia hapo, na ada ile imeandikwa ukutani kwake kila mtu aione. Tena sehemu yake ni kodi: ushuru wa bidhaa juu ya ada za kutuma na kutoa fedha kwa simu ulipandishwa mwaka 2023 kutoka asilimia 12 hadi 15. Ada ile haipungui kwa kuwa umetoa kidogo, na hilo ndilo la kukumbuka. Duka likiwa na namba ya tili, yafaa kulipa moja kwa moja kwa simu, maana kwa njia hiyo mnunuzi hakatwi kitu.

Tukajumlisha: 105, na 80, na 480, na 261. Jumla ni shilingi 926 kwa mwezi. Kwa miezi kumi na miwili ni shilingi 11,112.

Sasa wakulima wa viazi wanisikilize vizuri. Kipimo cha mbolea ya kupandia viazi kinachotolewa na wataalamu wetu kwa aina ya DAP ni kilo 500 kwa hekta, yaani kilo 200 kwa ekari, ambayo ni mifuko minne ya kilo 50. Mwaka 2022 Serikali iliweka bei ya mfuko wa ruzuku wa mbolea hiyo kuwa shilingi 3,500, na mwaka 2023 ikaishusha hadi shilingi 2,500. Mifuko minne kwa bei hiyo ya pili ni shilingi 10,000. Mama yule alikuwa ameitupa mbolea yote ya ekari yake ya viazi, na zaidi ya shilingi elfu moja juu yake, bila kuona mahali ilipoangukia. Msimu uliotangulia alipanda kwa mfuko mmoja tu, akauliza kwa nini viazi vyake vilikuwa vidogo kama ndimu.

Watu wengi wakisikia hesabu hii husema mara moja, "Kumbe mwenye duka ni mwizi!" Siafikiani nao. Mwenye duka anayefungua gunia la kilo 70 na kuliuza kilo moja moja hununua mifuko ya kufungia, huchelewa kurudisha fedha zake, hupoteza zile zinazomwagika na zinazoliwa na panya, na juu ya hayo ana daftari la madeni ambalo nusu ya majina yake hayatalipa hadi maziwa yalipwe. Wale wanaolipa fedha taslimu huwalipia wale wasiolipa. Hivyo bei ya kilo moja ina mambo mengi ndani yake mbali na kile kilichomo katika mfuko.

Lakini kuna mahali ambapo kununua kidogo kidogo ni hatari hasa, napo ni mbolea. Wenye maduka wengine hufungua mfuko wa CAN au DAP na kuupima kwa kilo au kwa gorogoro. CAN hunyonya unyevu wa hewa, na sisi tunaokaa nyanda za juu twajua unyevu wa kwetu. Mfuko uliokaa wazi wiki tatu huwa mzito kwa maji, nawe unalipia maji kwa bei ya mbolea. Tena kilo iliyofungwa katika karatasi haina maandishi: hujui ni aina gani, imetoka wapi, wala huna cha kuonyesha ukitaka kulalamika. Mwaka 2024 iligunduliwa nchini kwetu mbolea isiyofikia kipimo hata ndani ya mifuko iliyofungwa na kupigwa chapa. Ikiwa mfuko uliofungwa waweza kudanganya, basi karatasi isiyo na jina je?

Hapo hapo niseme neno juu ya bei ya mfuko wenyewe, maana wakulima hulinganisha mifuko kwa bei na kusahau kilichomo. Mfuko wa kilo 50 wa CAN ya asilimia 26 una kilo 13 za naitrojeni. Mfuko wa urea ya asilimia 46 una kilo 23. Tuseme CAN ni shilingi 2,600 na urea ni shilingi 3,450. Utasema urea ni ghali. Gawanya: kilo moja ya naitrojeni katika CAN ni shilingi 200, na katika urea ni shilingi 150. Urea ina shida zake, kwa maana isipofunikwa na udongo sehemu yake huruka hewani, na penye udongo mchachu CAN hufaa zaidi. Bwana Kilimo atakueleza ipi ifae shamba lako. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kugawanya.

Dawa ya kupe nayo huonekana ghali kupita kiasi, na hapa jibu langu ni tofauti. Dawa ya amitraz ya asilimia 12.5 huchanganywa mililita mbili kwa lita moja ya maji. Chupa ndogo ya mililita 40 hutoa lita 20 za kunyunyizia, na chupa ya lita moja hutoa lita 500. Tuseme ndogo ni shilingi 150 na kubwa ni shilingi 2,000. Lita 20 kutoka chupa kubwa zitakugharimu shilingi 80, karibu nusu. Hata hivyo mwenye ng'ombe mmoja au wawili afadhali anunue chupa ndogo. Chupa kubwa itakaa nyumbani muda mrefu, siku zake zitapita, na mbaya zaidi ataanza kuwagawia jirani katika chupa za soda. Nimeona chupa ya soda yenye dawa ikiwa juu ya kabati ambapo mtoto angeifikia. Na usijaribu kupunguza gharama kwa kuongeza maji, kwa maana kupe wasiokufa ndio watakaozaa kupe wasiosikia dawa.

Vivyo hivyo yule bwana wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Wakulima wengi hulalamika: "Anakuja kwa pikipiki, anafanya kazi dakika tano, anataka fedha za gunia!" Lakini mbegu ile lazima ikae ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, usiku na mchana, nayo huvukizwa hata siku ambayo hakuna aliyemwita. Miaka mingi sehemu kubwa ya gharama hiyo ililipwa na Serikali, hadi kazi ilipoanza kuachiwa watu binafsi katika miaka ya 1990, ndiyo maana wazee huona bei ya sasa kama wazimu. Ghali ya kweli hapa ni kumwita kwa kuchelewa. Ng'ombe aliyeonekana asubuhi akitaka dume apandishwe jioni ile. Ukingoja mpaka kesho jioni utalipa bure, kisha utangoje siku 21 nyingine ukimlisha bila faida.

Nirudi kwa mama yetu, kwa sababu tulipomaliza safu ya fedha zilizotoka aliuliza kwa nini hatujatazama zilizoingia. Alikuwa ameuza viazi, magunia 12 ya lumbesa, kila moja shilingi 3,000. Alijivunia bei hiyo, maana jirani yake aliuza kwa 2,800. Nikamuuliza lilikuwa na kilo ngapi. Hakujua. Lakini mwanawe alikuwa amelipima moja kwa mizani ya chama cha maziwa kwa mchezo tu, na lilikuwa kilo 150. Shilingi 20 kwa kilo. Wiki ile ile kikundi kimoja cha jirani kiliuza kwa mifuko ya kilo 50 kwa shilingi 1,200 kila mmoja, yaani shilingi 24 kwa kilo. Mifuko mitatu kama hiyo ni shilingi 3,600. Mama alipoteza shilingi 600 katika kila lumbesa, na kwa magunia 12 ni shilingi 7,200.

Kanuni za viazi za mwaka 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinasema mfuko wa viazi usizidi kilo 50. Dalali anaijua kanuni hiyo kuliko sisi. Najua pia kwamba mkulima aliye peke yake kando ya barabara, viazi vimekwisha kuchimbwa na mawingu yanakusanyika, hana nguvu ya kubishana na mwenye lori. Mama alifunga daftari akasema, "Basi sisi twauza kwa lumbesa, twanunua kwa kijiko." Neno hilo ni lake, mimi nimeliazima tu.

Sasa, mtu atasema dawa ni rahisi: nunua kwa jumla. Niliwahi kusema hivyo mimi mwenyewe mbele ya kikundi kimoja, kwa sauti ya mwalimu, na ushauri wangu ukaleta hasara. Walichanga, wakanunua mifuko minane ya CAN mapema, wakaiweka katika ghala lenye sakafu ya udongo. Sikuwaambia waiweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Wakati wa kuweka mbolea ya juu ulipofika mitatu ya chini ilikuwa mawe, na mzee mmoja alinionyesha panga aliloliharibu kwa kupasulia. Tena hakuna faida ya kuwa na mafuta ya lita tano ikiwa nyumba nzima itapika kana kwamba hayataisha. Mke wangu husema mimi nisiwafundishe watu mambo haya, kwa kuwa hununua wembe mmoja mmoja.

Kisha kuna jambo ambalo wenye mishahara husahau. Mkulima hanunui kwa kijiko kwa kukosa akili. Maziwa hulipwa mara moja kwa mwezi, viazi mara mbili kwa mwaka, lakini ng'ombe hula kila asubuhi. Wazee wetu walipoanza kuingia katika skimu hizi tangu mwaka 1962 walikuwa na mashamba makubwa kuliko yetu, na vyama vya ushirika vya skimu viliwanunulia vitu pamoja. Sasa shamba limegawanywa kwa wana na wajukuu, na vyama vingi vimelala. Mwenye ekari tatu hukaa dukani kama mtu aliyetoka mjini.

Mama yule hakutaka hotuba. Aliuliza swali moja tu: atapata wapi shilingi 2,800 siku moja? Tukahesabu tena. Kwa siku hutoa shilingi 96 za chakula cha ng'ombe, yaani shilingi 672 kwa wiki. Wakiwa wanawake watano wenye ng'ombe mmoja mmoja, kila mmoja akitoa shilingi 560, hizo ni 2,800, na kila mmoja anapata kilo 14, chakula cha siku saba kamili. Fedha hizo tayari wanazitoa. Shida ni wiki ya kwanza peke yake, kwa sababu wiki hiyo lazima zitolewe pamoja, kabla ya kula. Baada ya hapo kila mmoja hubakiwa na shilingi 112 kila Jumamosi.

Wiki ya kwanza yake ilitoka kwa jogoo mmoja na mitetea miwili. Wengine sikuuliza. Jumamosi moja nilipita kwake nikitoka kupeleka barua za ofisi, nikawakuta wamening'iniza mizani ya kulabu kwenye boriti ya zizi, gunia limefunguliwa, na mtoto mwenye lile daftari akiandika. Walibishana sana juu ya uzito wa ndoo yenyewe, mpaka wakaipima tupu kwanza, nayo ikatoka nusu kilo. Kila mmoja alipokwisha kupata kilo zake 14, walikung'uta gunia, na unga uliobaki katika pembe ulipewa ng'ombe wa mwenye nyumba kama kodi ya boriti. Mmoja wao aliniuliza kama mizani ile yaweza kubeba mfuko wa viazi wa kilo 50. Nikaisoma alama ya mwisho. Ilikuwa kilo 100.